Uzi wa Baraka na Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi kabla ya chai, Karunawathi hugusa kovu kwenye mkono wake wa kushoto. Figo zake zimeharibika, kama za wakulima wengi wa mpunga pale Padaviya. Daktari alimuunganishia mishipa miwili ya damu hapo, ili ipate kuchomwa sindano za mashine ya kusafisha damu. Mshipa huo wa kuunganishwa ukiwa mzima, hutetemeka chini ya ngozi.

Asubuhi hiyo alikawia kuinua vidole. Mumewe, Gunapala, akaacha kukuna nazi.

"Vipi?"

"Hautetemeki vizuri. Hebu shika wewe."

Gunapala alishika. Mtetemo ulikuwa mbali, karibu haupo. Aliingiwa na hofu kubwa. Mshipa ukiziba, mkewe atasafishwa damu kupitia wapi?

Alimkimbilia jirani yao Manel, muuguzi wa mashine hizo. Manel alipofika, aliona uzi mweupe umezungushwa mara nyingi juu ya kovu. Kiganja kilikuwa kimevimba.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi, dada, jana jioni. Ni uzi wa hekaluni, watawa wameuombea. Mwanamke hufungwa kushoto. Nikaukaza usije ukadondoka."

"Hapo ndipo damu inapopita, kaka. Ukibana, inaganda."

"Nikiukata, si nitaikata na baraka?"

"Basi ufungue. Lakini upesi."

Gunapala alivuta huku na huku, fundo likagoma.

"Ndiyo maana hata magunia yako hayafunguki," Karunawathi alisema, huku machozi yakimlengalenga.

Uzi ulipotoka, walipanda bajaji kwenda hospitali. Njiani Manel alisema, "Mkono huu usivae bangili wala saa. Usipimwe presha wala kutolewa damu ya vipimo. Usiulalie, usibebee mtungi. Mtetemo ukipungua, njooni siku hiyohiyo."

Daktari alikuta damu imeanza kuganda. Karunawathi alirudishwa chumba cha upasuaji. Gunapala alikaa nje, akijilaumu kwa ule uzi.

"Tumeuokoa mshipa," daktari alimwambia baadaye. "Mngengoja hadi kesho, tungeupoteza."

Mwezi mpevu uliofuata, siku ya ibada, walienda hekaluni. Karunawathi alinyoosha mkono wa kulia afungwe uzi mpya.

"Huo wa wanaume," bibi mmoja alimcheka.

"Wa kushoto una mshipa wa mashine, bibi. Haubanwi," alijibu Gunapala, akimfunga mkewe uzi bila kuukaza.

Mwanamke aliyekaa nyuma yao alisikia. Aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa na bendeji ya sindano za mashine, na uzi juu yake. Kisha akaanza kufungua uzi wake.