Kauli ya Mgonjwa

Mikono minane ya Mpokezi ilishuka kutoka darini bila kelele, ikamzunguka mama aliyelala kitandani, na kabla wageni hawajamaliza kutoa simu zao mifukoni, mtoto alikuwa nje. Mkono mmoja ulimfuta, wa pili ulimvuta ute puani, wa tatu ulifunga kitovu. Mingine ilikuwa tayari inamshona mama kwa uzi mwembamba usioonekana.

"Hongera, mwanangu," ilisema sauti kutoka ukutani, sauti ya mama mtu mzima, nzito kidogo, yenye upole wa kukukalisha chini ukasahau hofu zako. "Umepata binti. Pole kwa kazi."

Wageni walipiga makofi. Debora Ndahani hakupiga. Alisimama nyuma yao ameegemea nguzo, tumbo la miezi saba likiwa limetangulia mbele yake, na umri wake arobaini na saba. Mama mmoja mgeni alimtazama tumbo, akamtazama uso, akarudi tena tumboni, kama mtu anayesoma bango lililokosewa. Debora alikuwa amezoea. Mtaani kwao Dodoma walishampa jina: bibi mjamzito.

Huyo Mpokezi alikuwa mashine ya kuzalisha yenye akili mnemba, na katika jiji lile karibu kila mtoto alizaliwa mikononi mwake. Wakunga walikuwa wamestaafishwa. Madaktari vijana walihitimu bila kushika kisu. Tena kulikuwa na sheria: mwanamke aliyepita miaka arobaini hana hiari, lazima azalishwe na Mpokezi, labda apate kibali cha mkurugenzi wa Kituo hiki cha uzazi, na hicho ndicho Debora alichokuja kuomba.

Na mkurugenzi ndiye huyu aliyekuwa anakuja sasa, mikono ameifungua, tabasamu limejaa mashavu. Profesa Elisante Mrutu.

"Debora! Niliambiwa sikuamini. Umri huu! Mungu ni mwema."

"Shikamoo, Profesa," alisema Debora, na papo hapo akajichukia. Neno lilikuwa limetoka lenyewe. Miaka tisa alikuwa akimwombea mtu huyu mabaya, na alipomwona tu, ulimi ulikimbilia adabu.

"Marahaba, marahaba. Sikia, sitaki kukuzungusha. Mwezi ujao tunamzindua Mpokezi wa Pili. Waziri atakuwepo, nchi nzima itatazama. Nataka wewe uwe mama wa kwanza kukaguliwa jukwaani. Wewe ndiye uliyemfundisha kusema. Ukirudi wewe, maneno ya watu yataisha."

Ni kweli, yeye ndiye aliyemfundisha. Zamani Debora alikuwa mhandisi wa sauti wa Kituo. Sauti ile ya upole aliichonga kutoka kwenye rekodi za marehemu mama yake Mrutu, kwa sababu Profesa alitaka wagonjwa wajisikie wako kwa mama. Wazo halikuwa baya. Na sheria ya mashine ilisema kauli ya mgonjwa ndiyo ya kwanza: vipimo vikisema hivi na mgonjwa akisema vile, mgonjwa ndiye anayesikilizwa. Hilo nalo halikuwa baya. Watu walikuwa wamechoka na mashine zisizowasikiliza.

Ubaya ulikuwa mahali padogo sana. Mpokezi alianza ukaguzi kwa salamu, na jibu la salamu alilihesabu kuwa kauli ya mgonjwa.

Debora alilikamata kosa hilo mapema. Aliingia ofisini kwa Mrutu akamwambia, "Profesa, mtu wetu ukimwuliza hujambo atakwambia sijambo hata kama anakata roho. Ile ni adabu. Ugonjwa atausema baadaye. Tuitoe salamu kwenye ukaguzi." Mrutu alicheka. Alisema wafadhili wanaipenda mno ile salamu. Alisema watu wataelimika.

Kisha Debora akapata uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia, akivuja damu ndani kwa ndani, na hakujua kama bado yuko duniani. Alipoingizwa chumba cha ukaguzi, sauti ile aliyoichonga kwa mikono yake ikamwambia, "Hujambo, mwanangu?" Naye, aliyejua kuliko mtu yeyote duniani kitakachofuata, aliyeonya kwa kinywa chake, alijibu, "Sijambo, mama. Shikamoo."

Taa ikawaka kijani. Hajambo. Asubiri zamu yake.

Binti yake alizaliwa amekufa. Kwenye kikao cha uchunguzi, Profesa Mrutu alisimama akakohoa kidogo, akasema, "Inasikitisha. Lakini aliulizwa, akajibu mwenyewe." Kikao kikafungwa kwa sentensi hiyo. Yeyote anayesema muda huponya aende akakae na sentensi kama hiyo, halafu aje tuongee.

"Nitakuja," Debora alimwambia sasa. "Ila nina masharti mawili. Kwanza unipe kibali. Kondo la nyuma safari hii limekaa chini, limeziba mlango, lazima nipasuliwe. Nataka nipasuliwe na mkono wa binadamu."

Mrutu alikunja uso, kisha akamkumbuka Waziri. "Kibali utapata. La pili?"

"Wewe ukaguliwe kwanza, kabla yangu. Ukiwa umevaa mshipi wa uchungu."

Mrutu aliangua kicheko. Mshipi wa uchungu ulikuwa mchezo wa kliniki: mkanda wa umeme mdogo unaokaza misuli ya tumbo, ili baba watarajiwa waonje kidogo wanachopitia wake zao. Kila Jumamosi wanaume waliuvaa, wakajikunja, na kliniki nzima ikacheka.

"Watu watafurahi kweli!" alisema. "Nimekubali."

Yoramu, mumewe Debora, hakufurahi. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa maneno machache. Alikaa kitandani akimtazama mkewe akijaribu rimoti ya mshipi.

"Kibali si umeshapata? Kaa nyumbani basi. Tulee hii mimba."

"Nataka aseme, Yoramu."

"Aseme nini?"

"Atasema mwenyewe. Utamsikia."

Ukumbi ulijaa siku ile. Ndegenyuki za kurusha picha zilielea juu ya vichwa vya watu. Mrutu alipanda jukwaani, akafungua koti, akajifunga mshipi huku akiwapungia watu mkono, akalala kitandani. Debora aliketi kando, rimoti kwenye paja. Alianza na kidogo. Profesa akasema "Oo!" na ukumbi ukacheka. Akaongeza. Akaongeza tena, akapita alama ambayo wanaume wa Jumamosi hawakuwahi kuifikia, mpaka mishipa ya shingo ya Mrutu ikasimama na jasho likamshuka masikioni.

Hapo Mpokezi wa Pili akaamka. "Karibu, mwanangu," alisema kwa sauti ya mama yake Mrutu.

Mrutu alikaza meno. Mbele yake Waziri, kamera na nchi nzima, na masikioni mwake mama yake mzazi.

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Taa ikawaka kijani. "Mgonjwa hajambo," alisema Mpokezi. "Asubiri zamu yake. Anayefuata."

Watu walicheka tena, wengine wakapiga meza. Mrutu alijikunja upande, akamnyooshea Debora mkono.

"Punguza! Debora, punguza!"

"Kwani unaumwa, Profesa?"

"Naumwa! Huoni?"

"Mbona umesema hujambo?"

"Nimesalimiwa!" alifoka Mrutu. "Nimesalimiwa tu! Ulitaka nijibuje?"

Kicheko kilikatika. Walioelewa kwanza walikuwa kina mama wa safu za mbele. Mmoja alijifunika mdomo kwa khanga. Mrutu mwenyewe alielewa baada yao, na Debora aliona kabisa wakati jambo lilipomwingia: macho yalimtoka, mdomo ukabaki wazi.

"Uliulizwa," alisema Debora taratibu, ndegenyuki zikisogea usoni kwake. "Umejibu mwenyewe."

Akaongeza.

Ilikuwa tamu. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mwanaume yule alilia kwa sauti mbele ya nchi nzima, na kila alipolia Debora alihisi kifua kinafunguka. Alikuwa ameshapata alichokifuata, lakini kidole hakikutaka kuondoka. Mwisho Yoramu ndiye aliyepanda jukwaani, akafunua vidole vya mkewe kimoja kimoja, akaichukua rimoti akaizima.

Walipofika nyumbani Yoramu alisema, "Leo nimekuona uso. Ulinitisha."

"Na mimi nilijitisha," alijibu Debora. "Lakini sijutii."

Wiki hiyo hiyo bodi ya Kituo ilimsimamisha Mpokezi jiji zima na kumwondoa Mrutu ukurugenzi. Akaja kwa Debora, ameshika kofia mkononi, amekonda ghafla. Alisema amekuja kuomba radhi. Akauliza afanye nini.

"Uwepo siku nitakapopasuliwa," alisema Debora. "Usimame ukutani. Usiguse kitu, usiseme neno. Nataka usikie kila kitu."

"Chumba kile si cha kisasi, mama," Yoramu alimwambia mkewe baada ya Mrutu kuondoka.

"Tumbo ni langu, na siku ni yangu. Nachagua nani atanipasua, na nachagua nani atasimama ukutani."

Aliyempasua alikuwa Dakta Mwasiti Kijuu, mama mnene wa Kondoa, mmoja wa wachache nchini waliokuwa bado wanafanya upasuaji kwa mikono yao. Debora alichomwa ganzi mgongoni akabaki macho. Yoramu alikaa kichwani kwake. Pembeni alisimama nesi kijana wa Kituo, Upendo, na ukutani Profesa Mrutu, amevaa joho la kijani na glavu kama wengine, mikono nyuma.

Damu ilianza mara tu Dakta Mwasiti alipofungua. Debora hakuiona, aliisikia ikinyonywa na bomba. Kisha kitu kizito kikatoka ndani yake.

"Mvulana," alisema Dakta Mwasiti kwa haraka. "Nesi, mchukue. Mimi siwezi kutoa mikono huku."

Debora alisubiri mlio. Haukuja.

Upendo alikuwa amempokea mtoto kwenye taulo. Mtoto alikuwa mlegevu, rangi imempauka. Nesi alimtikisa kidogo, kisha akafanya kitu ambacho Debora hatakisahau maishani: aliinua macho akatazama darini. Alikuwa anasubiri mikono ishuke. Tangu aingie kazini, mtoto akikosa pumzi, ilikuwa inashuka mikono. Dari hii ilikuwa tupu, ina taa tu.

"Nesi!" alipiga kelele Dakta Mwasiti. "Mpe hewa!"

"Sijawahi," alisema Upendo. "Dakta, sijawahi kwa mkono."

Mrutu alishapiga hatua moja kutoka ukutani. Akasimama. Kabla ya Mpokezi, mtu huyu alizalisha kwa mikono yake miaka mingi. Kila mtu chumbani alilijua hilo. Lakini hakusogea zaidi. Alimtazama Debora.

"Niruhusu," alisema.

Debora alimtazama na chuki ikampanda mpaka kooni. Alikuwa amemleta hapa asikie kilio cha mtoto, na sasa asingekisikia bila huyu. Na aliona kwamba Mrutu angebaki pale pale hadi aambiwe. Mtu aliyekataa kumsikiliza alipokuwa mhandisi, akakataa tena alipokuwa mgonjwa, leo alikuwa anasubiri neno lake, leo ambapo kusubiri kunaua.

"Debora!" alisema Yoramu.

"Mchukue," alisema Debora. "Fanya! Fanya upesi!"

Mrutu alimchukua mtoto mikononi mwa nesi. Alimlaza, akamwinua kidevu kidogo, akamfuta ute kinywani, akamsugua mgongo kwa nguvu ambazo Debora alitamani kuzikataza. Hakuna kitu. Akashika kinyago kidogo chenye mfuko wa hewa, akakibana usoni kwa mtoto, akaminya taratibu. Akaminya tena, akihesabu kwa sauti ya chini. Kifua kile kidogo kikainuka, kikashuka. Kikainuka.

Mtoto alikohoa, kisha akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyeamshwa kwa makofi.

Yoramu aliweka paji la uso kwenye bega la mkewe akashindwa kujizuia. Upendo naye alikuwa analia. Mrutu alimfunika mtoto taulo safi, akamwinua kifuani, akageuka, machozi yanamtiririka juu ya barakoa. Alimsogelea Debora.

"Debora," alisema, "mwanangu, naomba..."

"Mpe baba yake."

Mrutu alisita. Mtoto alikuwa ameshika kidole cha glavu yake.

"Mpe baba yake, halafu utoke nje."

Dakta Mwasiti aliinua macho kutoka kwenye kazi yake, damu imemfika kwenye viwiko. "Dada, huyu mzee amekuokolea mtoto."

"Najua," alisema Debora. "Na yule wa kwanza aliniulia. Atoke."

Mrutu aliinamisha kichwa. Alimkabidhi Yoramu mtoto, akavua glavu, akatoka.