Mji Uliofagiliwa

Kila akitoka shule, Zoé huvua viatu mlangoni, humsalimu mama yake, kisha hukimbilia chumbani kutazama sanduku lake la kioo. Ijumaa hiyo alilikuta tupu, linang'aa!

"Mama! Udongo wangu uko wapi?"

"Ule uchafu? Nimeumwaga," Mama Rosette alijibu huku akipanga viti. "Watu wa maombi wanakuja, watukute na udongo ndani? Vigae vyako nimevisugua kwa sabuni. Viko kwenye taulo."

Hasira zilimpanda Zoé mpaka machozi yakamtoka. Uchafu gani! Ule ulikuwa mji wa York, mji wa kale wa Uingereza. Mwalimu Onyancha, anayewafundisha watoto historia kanisani hapa Mesquite, Marekani, aliupanga mwenyewe kwa kuiga jinsi wachimbaji walivyoukuta: vitu vya Warumi chini, vya Zama za Kati juu. Kesho Zoé na rafiki yake Loice wangeuchimba mbele ya wazazi. Sasa vigae vimechanganyika vyote!

"Umeniharibia!" alipiga kelele.

"Nilikuuliza Jumapili ni kitu gani. Ukanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye televisheni, eti si kitu."

Zoé akanuna. Alichota udongo nyuma ya nyumba, akafukia vigae kwa kubahatisha bila kumwambia mtu.

Kesho yake kanisani, Loice alichimba kwa makini, akainua kigae cha kijani. "Hiki kimetoka chini kabisa, basi ni cha Warumi!" Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu Onyancha akakunja uso; hicho yeye alikiweka juu.

Zoé alishindwa kuvumilia. "Si kweli. Udongo ulimwagwa. Nimevifukia mwenyewe jana, nikibahatisha."

"Umenifanya niseme uongo mbele ya mama yangu!" Loice alifoka, akatupa chini mwiko wake wa kuchimbia.

Mwalimu naye hakumbembeleza Zoé. "Udongo kumwagika ni ajali. Lakini mchimbaji akibahatisha halafu akanyamaza, anawadanganya wote watakaokuja baada yake. Afadhali umesema. Nakumbuka nilivyovipanga, mwageni, tuanze upya. Loice, mwenzako anakusubiri umsamehe, lakini usiharakishe."

Mama Rosette alipiga magoti kwenye udongo na gauni lake la kanisani, bado amekasirika.

"Haya, nifundishe kipi kinatangulia," alimwambia Zoé. "Na nikikuuliza kitu, unijibu vizuri, mimi ni mama yako. Ungeniambia ni mji, ningeufagia?"