Vitabu Vinane vya Katekista

Kila asubuhi mjukuu wangu Edna humkatia ng'ombe majani, hunawa uso, kisha hukimbilia shule hapa Kansay huku akisoma njiani. Anasoma chochote: gazeti lililofungiwa maandazi, maandishi ya mfuko wa mbolea, hata kadi yangu ya kliniki, ambayo haimhusu. Ana miaka kumi na miwili, na kitabu chake mwenyewe hana.

Mwezi wa pili alikuja darasani kwao dada mmoja, Laurencia Tluway, mzaliwa wa Endamarariek. Edna aliniambia kwamba anasomea udaktari, nami nikaliandaa goti langu linaloniuma. Kumbe ni udaktari wa chuo kikuu, wa kuandika utafiti. Magoti hautibu.

Aliwaeleza wanafunzi kwamba anatafiti watoto wa vijijini wanasoma nini wakiwa nyumbani. Yeye mwenyewe husoma kurasa ishirini kila siku kabla ya kuwasha simu, na Jumamosi hushona vitabu vilivyochanika ili avipeleke vijijini. Angepita nyumba kumi na mbili za Kansay na kumi na mbili za kijiji cha Baray, ahesabu vitabu. Kwa nini anahesabu, hakusema.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Mgeni akija, unaazima viti kwa jirani, unaazima na vikombe, na hakuna anayeita huo uongo. Basi nikamtuma Edna kwa Katekista Silvanus. Huyo ana vitabu vinane, vyote amevivisha karatasi ya kaki kwa kuogopa vumbi. Edna alisita.

"Bibi, si yule dada ataniuliza kama ni vyetu?"

"Utaitikia," nikamwambia. "Kuitikia hakuumi."

Laurencia akahesabu vinane, akauliza, Edna akaitikia. Mgeni akiwa bado anamalizia chai, vitabu vilishatoka kwa mlango wa uani kwenda kwa jirani yangu Brigita, na kutoka kwa Brigita kwenda kwa Modest. Kwa siku tatu vilitembea kuliko mbuzi wa kijiji hiki. Navyo vilikuwa na kaki kama madaftari ya shule, nani angevitambua?

Baada ya wiki tano Laurencia alirudi kwenye mkutano wa wazazi na wanafunzi. Akatuambia kwamba alikuwa na sanduku moja la vitabu mia moja na ishirini vya hadithi, la kuwekwa katika shule ya kijiji ambacho majumbani mwake hamna vitabu. Alilificha jambo hilo ili watu wasifiche vitabu vyao. Akatupongeza: Kansay, kila nyumba vitabu vinane. Kwa hiyo sanduku lilikwenda Baray jana, na limeshafunguliwa.

Watu walipiga makofi kabla ya kuelewa. Mimi pia nilipiga.

Edna hakupiga. Alisimama katikati ya wenzake.

"Dada, vile vinane ni vya Katekista. Nyumba zote ni vilevile. Kwetu hakuna hata kimoja."

Modest akamwambia akae chini, anaaibisha kijiji. Brigita akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto huyu hakulelewa. Mlezi wake nilikuwa nimekaa palepale, natazama kandambili zangu. Ningeweza kusema kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Sikusema.

Laurencia alifungua daftari lake akazipiga mstari kurasa za Kansay, moja baada ya nyingine. Akamwambia Edna kwamba sanduku hawezi kuwanyang'anya watoto wa Baray, na jingine hana. Edna akajifuta machozi, akauliza afanye nini basi.

"Kesho tutazunguka nyumba zote upya," Laurencia akamjibu. "Hodi utapiga wewe."

Wakazunguka. Wengine waliwafungia mlango. Modest alileta kalenda ya ukutani, akabishana iandikwe kuwa ni kitabu. Kwetu walifika mwisho, nami nikakiri mbele yao wote wawili kwamba uongo ulikuwa wangu, na kwamba nilinyamaza mtoto akitukanwa peke yake.

Laurencia akaandika sifuri. Kisha akasema taratibu, "Bibi, kukosa vitabu si aibu, ndiyo sababu nilikuja. Lakini watu wakinidanganya, msaada unawapita wenye shida, nao wanabaki kupiga makofi." Akamgeukia Edna. "Wewe umechelewa kusema ukweli, lakini umesema. Daftari langu sasa ni safi."

Siku hizi Katekista huwaruhusu watoto kusoma barazani kwake kila Jumamosi, wakishanawa mikono. Edna ameshavimaliza vyote vinane, na viwili kati ya hivyo ni vya nyimbo. Juzi aliniuliza kutoka hapa mpaka Baray ni mwendo gani kwa miguu.

Nikamwambia ukweli. Ni mbali.