Redio Mbili za Odalmis

Odalmis Ferrer alifika kwenye dirisha la kuuzia kahawa hapa Hialeah, mji wa Wakyuba jirani na Miami, Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa gauni la satini la njano lenye shanga kifuani. Miguuni alivaa ndala; viatu vya kisigino alivining'iniza kidoleni. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na kazi yake ilikuwa kuimba kwenye sherehe za mabinti wanaotimiza miaka kumi na tano. Ya siku hiyo ilikuwa inaanza baada ya nusu saa, na foleni ilikuwa ndefu.

"Mpisheni malkia," alisema kijana aliyevaa shati la bluu la fundi viyoyozi.

"Malkia gani wa ndala?"

"Wa Hialeah. Huku wote tunaumwa miguu."

Watu wakacheka. Odalmis akapita mbele, akanunua kahawa, akammiminia na kijana yule kwenye kikombe kidogo cha plastiki.

"Unaimba lugha gani?" aliuliza kijana, Reinier Pupo.

"Kihispania kwa mabibi, Kiingereza kwa wajukuu."

"Na mimi?"

"Wewe nibebee spika, utapewa keki."

Akabeba spika. Miezi minane alizibeba. Siku za kazi Odalmis alimpigia simu Reinier akiwa juu ya paa la mtu, jua linamchoma shingo, akamwimbia mstari mpya kwa lugha zote mbili.

"Upi mtamu, mpenzi?"

"Wa Kihispania. Ule mwingine unauimba kama mtu anayeomba kazi."

"Mshamba wewe!"

"Mshamba wako."

Reinier alimvisha pete jikoni kwa mama yake Odalmis, maharage meusi yakiungulia sufuriani.

Kisha kampuni ya muziki ikamchukua Odalmis. Wale wakubwa hawajawahi kubeba spika hata moja. Wanakaa ghorofa ya kumi na nne, wanakunywa maji ya chupa, na wanaamua nani ampende nani. Meneja wao, Gastón Urrutia, alimwekea mezani karatasi mbili.

"Kwenye redio ya Kihispania, una mchumba. Mabibi wanapenda binti aliyetulia. Kwenye ya Kiingereza, huna mtu. Vijana wanataka kuota."

"Na Reinier?"

"Kwao wanasikiliza ipi?"

"Ya Kihispania."

"Basi tatizo liko wapi?"

Odalmis akasaini. Watu wa chini ndicho tulichofundishwa, kusaini.

Lakini fundi viyoyozi anaingia kila ofisi. Jumatano moja Reinier alikuwa juu ya ngazi kwa daktari wa meno, na redio ya pale ilikuwa ya Kiingereza. Akamsikia Odalmis anacheka. "Moyo wangu hauna mwenyewe," alisema. "Hakuna aliyewahi kunivisha pete."

Reinier alifunga skrubu nne zilizobaki, akafuta vumbi, akashuka. Akapiga simu.

"Kwa hiyo huna mwenyewe?"

"Jamani, mpenzi, ile ni karatasi ya Gastón."

"Na sauti ni ya Gastón?"



"Unataka nifanye nini, Reinier?"

"Nitaje. Kwa Kiingereza, kwenye redio ileile. Mara moja tu. Ukishindwa, pete mwachie mama yako."

"Kesho saa saba mchana nina kipindi. Sikiliza."

Kesho yake Reinier alikaa ndani ya gari la kazi, vioo juu. Alisikia wimbo, tangazo la matairi, wimbo mwingine, kwaheri. Akazima simu, akaenda mji wa Tampa kwenye kazi ya wiki tatu.

Jumapili aliyorudi, Odalmis aligonga mlango wake. Alivaa jinzi na fulana iliyopauka.

"Hata asante hukusema," alisema.

"Asante ya nini? Ya matairi?"

"Matairi gani? Nilikutaja! Jina lako lote. Nikasema nimechumbiwa na fundi viyoyozi wa Hialeah, na asiyetaka, azime redio."

"Hakikutoka kitu kama hicho."

Wakatazamana. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa asubuhi. Mtu wa ghorofa ya kumi na nne aliagiza maneno yale yakatwe, kisha akaenda kula.

"Yaseme sasa," alisema Reinier.

Akayasema kwa Kiingereza, yote. Nje jirani alikuwa anaosha gari. Reinier alingoja kitu kimguse kifuani, hakikuja.

"Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Mbona uso kama ukuta?"

"Sijui. Wewe unajisikiaje?"

"Sijisikii kitu. Nimeyarudia sana kichwani, sasa nayasikia kama tangazo."

Reinier akaondoa nguo chafu kwenye kochi, akampa nafasi akae.

"Jumanne sina kazi," alisema. "Twende mahakamani tukachukue kibali cha ndoa."

"Mkataba unakataza ndoa miaka mitatu. Watanitoa."

"Watakutoa."

Odalmis alifikiri kwa muda wa jirani kusuuza gurudumu moja.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu." Walipanga kama watu wanaokwenda kung'oa jino. "Odalmis, kama hunipendi tena, sema."

"Niulize wiki ijayo. Leo nimechoka."

Akalala palepale kwenye kochi, na viatu vyake.

Jumanne, saa tatu kasorobo, Odalmis alikuwa ameshasimama kwenye ngazi za mahakama, bila rangi mdomoni, kitambulisho mkononi.