Sauti ya Golikipa Mamo

Mpira ulikuwa mwepesi, wa kudundadunda, na Diriye alikuwa tayari kuupiga uende mbali na lango. Ndipo akasikia mtu akipaza sauti nyuma yake: "Wacha! Yangu!" Akauacha, kama beki yeyote anavyomwachia golikipa wake. Mpira ukampita taratibu, ukavuka mstari, na madereva wa malori waliokuwa wakicheza nao wakarukaruka kwa furaha wasiyoiamini.

Diriye akageuka kwa hasira. Ahmednoor, golikipa mpya, alikuwa amesimama mbali, kwenye nguzo ya pili.

"Mbona umeniita kisha hukutoka?"

"Mimi? Wallahi sikufungua mdomo."

Diriye akaenda kuuokota mpira. Sauti aliyoisikia aliijua vizuri, na mwenye sauti hiyo walikuwa wamemzika miezi mitatu iliyopita.

Hiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya mwaka 1952, katika chuo kidogo cha mifugo nje ya mji wa Wajir. Vijana walijifunza kuchanja ng'ombe na kutibu ngamia, na jioni walicheza mpira kwenye uwanja wa mchanga. Mwaka uliotangulia hawakushindwa hata mara moja, kwani langoni alisimama Mamo, Mborana mrefu kutoka Bute, mwenye mikono kama makasia. Diriye, Msomali wa kutoka Lafey, alilala naye chumba kimoja miaka miwili, hata akajifunza Kiborana kwake. Uwanjani, ili wote waelewane, walitumia Kiswahili. Mwalimu alimkosoa Mamo kila siku, "Sema wangu, mpira ni wangu," na Mamo alicheka na kuendelea kusema yangu.

Siku moja mazoezini Diriye alipiga mpira vibaya, ukatumbukia kwenye kisima cha zamani nyuma ya lango. Alitaka kuufuata mwenyewe. Mamo akamzuia kwa mzaha: "Wewe beki. Wacha, yangu." Akashuka. Ukuta wa kisima ukaporomoka, na ilichukua siku nzima kumtoa.

Mechi ya pili walicheza na makarani wa boma la serikali. Safari hii sauti ile waliisikia mabeki wote wawili, na wote wawili wakauacha mpira. Mechi ya tatu waliisikia timu nzima. Pamoja na sauti ikaja harufu: harufu ya maji baridi ya kisimani, ya tope na chokaa mbichi, katika jua la alasiri, mwaka ambao mvua ilikuwa haijanyesha tangu Ramadhani.

Baada ya mechi walikaa chini wakivua viatu, wakinong'ona kama watu walioko matangani.

"Mmesikia?"

"Usimtaje."

"Ni yeye. Amekasirika kwa sababu tunacheza bila yeye."

"Nimesema usimtaje!"

Diriye aliendelea kufungua kamba za viatu. Alikuwa na aibu moja ambayo hakumwambia mtu. Mpira ulipoelekea langoni, moyo wake haukuomba wasifungwe. Uliomba asikie tena.

Walifungwa na askari, kisha wakafungwa tena na madereva. Siku tano baadaye, saa nane mchana, wakati ambapo hata mbuzi husimama kivulini wasitikisike, Diriye alitoka bwenini akamwona Ahmednoor akitembea peke yake nyuma ya lango, miguu mitupu juu ya mchanga unaounguza, mikono ameinyoosha mbele kama anayesubiri kudaka, akienda polepole, bila kutazama chini, moja kwa moja kuelekea kisimani, na kadiri alivyokaribia ndivyo ile harufu ya tope ilivyozidi kupanda, na kutoka kule chini, ambako maji yalikuwa yamefukiwa na mawe, pakasikika mtu akipiga makofi kama golikipa anavyowahimiza wenzake. Diriye alikimbia akamrukia, wakaanguka pamoja hatua mbili kutoka ukingoni.

"Ameniambia atanipa mpira," Ahmednoor alisema. "Alikuwa ananyoosha mkono, walaal, ndugu yangu. Mkono ulikuwa mrefu mno."

Jioni ile ile Diriye alikwenda kwa Maalim Bishara, mzee aliyesomesha Kurani mjini na kuwasomea waliopagawa. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho.

"Rafiki yako yuko kwa Mola wake," alisema. "Huyo ni jini wa kisima. Hana sauti yake mwenyewe, kwa hiyo amechukua aliyoikuta. Kila mnapomtii mnampa makao. Nitasoma, lakini kusoma kwangu hakutoshi. Lazima mtu anayempenda marehemu kuliko wote amkane jini huyo."

Diriye akainamisha kichwa. "Nitajaribu, Maalim."

Hakupata nafasi ya kujaribu. Madereva walikuwa wameshaisambaza habari hadi Bute, na siku ya mechi ya sita mama mmoja alishuka kwenye lori la chumvi, amejifunga shuka nyeusi, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa Qabale, mama yake Mamo. Hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Akaketi nyuma ya lango, akasubiri.

Dakika ya kumi ikaja krosi. "Wacha! Yangu!"

Diriye aliuacha. Mpira ukaingia, na yule mama akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakitikisika. Wachezaji walidhani analia kwa hofu. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Mechi ilipokwisha akamshika Diriye mkono, akamwambia kwa Kiborana, "Nimesikia kuna maalim wa kumfukuza. Mwanangu, nakuomba. Nyinyi mnapoteza mechi tu."

"Mama, si yeye. Juzi nusura amchukue mwenzetu."

"Wewe uliijua sauti yake miaka miwili. Mimi niliijua kabla hajajua kuongea. Mwache abaki."

 Diriye naye alitaka jambo lile lile alilolitaka mama.

Kesho yake alasiri mke wa mpishi, aliyempa Qabale pa kulala, alikuja mbio: mgeni hayupo. Diriye alijua alipo. Alimpitia Maalim, aliyekuwa amefika chuoni alasiri hiyo kusoma, wakakimbia wote wawili, na tangu mbali waliiona ile shuka nyeusi ukingoni mwa kisima, mama ameketi, miguu ameining'iniza ndani, akiongea kwa upole kama anayemsemesha mtoto aliye kitandani, na kisima kikimjibu. Mchanga chini ya mapaja yake ulikuwa ukimong'onyoka. Maalim akainua mkono: wasimshtue.

"Umekula?" Qabale aliuliza kwa Kiborana.

"Leta! Leta hapa!" sauti ikasema.

"Dada yako amejifungua. Mtoto amepewa jina lako."

"Nyuma yako! Angalia nyuma!"

"Mamo, mimi nani wako? Niite."

Kimya. Kisha, karibu zaidi, kama mtu aliyepanda ngazi moja: "Wacha! Yangu!"

Qabale akatulia. Alikaa hivyo muda mrefu, na Diriye akamwona akizeeka pale pale alipoketi. Akarudisha mguu mmoja nje, kisha wa pili.

"Mwanangu hajawahi kunisemesha Kiswahili," alimwambia Diriye bila kugeuka. "Hata neno moja, tangu azaliwe."

Akakiinamia kisima. Kiswahili alikijua maneno machache ya sokoni, akayatafuta moja moja ili kile kilichomo ndani kimwelewe.

"Wewe si yangu," akasema. "Wewe si mtoto yangu. Toka."

Maalim akaanza Ayatul Kursi kwa sauti kuu. Mawe yakanguruma chini, harufu ya tope ikapanda ikawajaa kooni, na ile sauti ikaanza kuita kila ilichokijua, leta, toka, kona, nyuma, yangu, yangu, ikizidi kuwa nyembamba, mpaka ikawa si ya Mamo wala ya mtu yeyote, ikawa mluzi mmoja mrefu uliopita juu ya vichwa vyao ukielekea jangwani. Harufu ikakatika. Mama akaanguka mikononi mwa Diriye, akalia kilio ambacho siku ya mazishi, kwa kuwa alikuwa mbali, hakukipata.

Mechi ya mwisho walifungwa tatu kwa moja. Hakuna aliyeita. Walifungwa kwa sababu askari walicheza vizuri zaidi, na Ahmednoor akapangua mipira minne kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Diriye alimsindikiza Qabale mpaka penye malori. Walikaa juu ya magunia wakingoja dereva amalize chai.

"Hooyo," Diriye akasema, akimwita mama kwa Kisomali, "mpira ule niliupiga mimi."

"Najua. Aliyeleta habari za msiba alinieleza." Akapangusa vumbi kwenye gunia. "Jana sikumwona hata mmoja anayecheza kama wanavyosema alicheza yeye. Nieleze. Alikuwa anasimamaje?"

Diriye akasimama mbele yake, akapanua miguu, akainama kidogo, akanyoosha mikono. Akamweleza mechi ya kwanza, akaanza ya pili, na alikuwa bado yuko ya tatu lori lilipowashwa. Akapanda naye, akiendelea kueleza.