Moyo Mzito wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilimkuta mama ameketi kitandani, mito imepangwa mgongoni, anahema. Mimba ilikuwa kubwa. Mimi naosha vyombo, shangazi ananiosha kwa maneno.

Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu baba aliposafiri kikazi. Alikuja kusaidia, eti! Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kutoa amri.

"Wifi, jipe moyo! Mimba si ugonjwa. Unadeka tu."

"Huo moyo wenyewe ndio mzito, wifi," mama akajibu, kisha akatulia kuvuta pumzi.

"Mzito kwa sababu unamuwaza mumeo. Amka ufue!"

Niligongesha sufuria makusudi. "Kwani huoni miguu yake ilivyovimba?"

"Acha kidomodomo! Nani amekuuliza?"

Mama aliinuka ili kukomesha ugomvi. Hakufika hata uani. Alishika ukuta, jasho likimtiririka, akashindwa kusema. Nilikimbia kumwita jirani yetu, dereva wa teksi, akatupeleka hospitali. Shangazi naye akapanda, maana hakosi pa kusemea.

"Anaumwa nini?" muuguzi aliuliza.

Shangazi akadakia, "Moyo mzito tu. Mawazo ya mume."

Muuguzi akamwonea mama huruma, akaanza kumshauri asiwaze sana. Hasira zikanipanda.

"Si mawazo! Akilala chali anakohoa na kukosa pumzi. Analala ameketi! Moyo unamwenda mbio hata akitulia!"

Shangazi akanifinya. Nikazidi kupaza sauti.

Muuguzi aliacha ushauri wake. Alibonyeza mguu wa mama, kidole kikaacha shimo. Alisikiliza kifua, kisha akamwita daktari haraka.

"Mimba huongeza damu mwilini, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi," daktari alitueleza baada ya vipimo. "Wa mama umepanuka na kudhoofika. Hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yamejaa mapafuni. Mngechelewa, tungewapoteza yeye na mtoto."

Nililia palepale. Mama alipewa oksijeni na dawa, akalazwa. Alipopata nafuu, madaktari walimzalisha mapema. Mtoto alikuwa mdogo, lakini kwa kelele alimshinda hata shangazi.

Muuguzi alitukalisha kwenye benchi nje ya wodi. "Mjamzito akikosa pumzi, akivimba sana, au moyo ukimwenda mbio, mleteni siku hiyohiyo. Na mseme hasa mnachokiona."

Shangazi akabetua midomo. "Mimi nimezaa watoto sita, na sikulala kitandani hata siku moja!"

"Hongera," muuguzi akamjibu bila kutabasamu. "Ulizaa kwa moyo wako, mama. Huyu amezaa kwa moyo wake. Usimpime mwenzako kwa mwili wako."

Shangazi akainuka, akaingia wodini kumpangia mama mito mgongoni.