Shimo la Nne

Kompyuta ya mchora ramani haikuwa na ugonjwa ila mmoja: ilikataa kushiba. Ukiichomeka ramu tatu, zile kadi nyembamba za kumbukumbu, ilifanya kazi kutwa nzima bila kinyongo. Ukiongeza ya nne, skrini iligeuka bluu, mashine ikajizima, ikawaka, ikajizima tena.

Fundi hakuwa mtu wa kushindwa na bodi, na alipenda watu walijue hilo. Alifanyia kazi sebuleni kwake, meza ikiwa dirishani, na binti yake wa miaka miwili akibwabwaja sakafuni. Alizipima ramu moja moja. Zote nzima. Akazibadilisha mashimo ya kuchomekea. Nzima vilevile, isipokuwa ile iliyoangukia shimo la nne, iwe ipi. Akaingia kwenye mipangilio akazipunguzia kasi, maana nne zikikaa pamoja huelemeana. Wapi! Bluu ileile.

Alipoichomoa ile ya nne, ikatoka na ute.

Ute mweusi, wa vuguvugu, wa kuvutika, na ndani yake unywele mmoja mrefu. Ulinuka kama kinywa chenye jino lililooza. Fundi aliunusa mara moja tu, akageuza uso.

“Mke wangu, umemwagia nini huku?”

“Mimi? Takataka hiyo hata siisogelei! Tangu uilete, nyumba nzima inanuka mdomo wa mtu.”

Alikuwa anasema kweli. Fundi alinawa kwa sabuni, akanawa tena, lakini alipokaa kula, harufu ilikuwa bado iko kwenye vidole, akasukuma sahani.

Mkewe hakungoja ruhusa. Alimleta mama mmoja mshona viatu, ambaye mtaa mzima ulimkimbilia kwa mambo ya majini. Mama yule hakufukiza chochote. Aliinama, akatega sikio kwenye mashine iliyozimwa, kisha akainuka upesi akilifuta sikio kwa upindo wa nguo, uso umemkunjamana.

“Analamba,” akanong’ona.

“Nani?”

“Mwenye shimo. Wako majini wa visimani, wako wa magofuni. Huyu chakula chake ni kumbukumbu, na hapo ndipo kwake. Mwanangu, rudisha mashine na ramu tatu, mwenye mashine aridhike nazo.”

“Nimwambie mteja kuna jini amepanga chumba?”

“Mwambie shimo bovu. Ukimziba hapo hafi. Atatafuta pengine penye nafasi.”

“Kuna mtoto humu ndani,” mkewe akasema, sauti chini. “Baba, nakuomba. Irudishe leo hii.”

“Kesho,” fundi akajibu, akicheka kicheko kikavu. Mafundi wawili waliomtangulia walikwisha sema shimo bovu, naye alikuwa ameapa mbele yao kwamba atalifufua. Mjinga yule aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa jini.

Kesho yake mchana, mkewe alipotoka kwenda bombani, fundi alijifunga kitambaa puani, akachukua pamba na spiriti. Pamba ya kwanza ikatoka nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya tatu haikutoka. Ilivutwa kutoka vidoleni mwake, taratibu, ikamezwa na ule mwanya usiopitisha hata ukucha, na kabla hajaondoa mkono kitu chenye joto, chembamba, chenye vipele vipele kikapita juu ya ncha ya kidole chake, kikarudi, kikakaa pale kikionja, naye kwa kinyaa na hasira akaikamata ramu ya nne akaisukuma kwa vidole gumba viwili, akaisikia ikizama kwenye kitu laini kilichokuwa kikijikunyata na kububujika mate, akasukuma, akasukuma, huku akitapika ndani ya kitambaa chake mwenyewe, mpaka vishikizo vya pembeni mwa shimo vikalia: tak!

Akawasha. Ramu zote nne zikasomeka. Kipimo kikaenda mpaka mwisho bila kosa hata moja, na mashine ikanguruma kwa utulivu. Harufu ilikuwa imekwisha.

“Nani kasema bovu?” fundi akajitapa, akijifuta mdomo.

“Fundi.”

Akageuka. Sebuleni hapakuwa na mtu ila binti yake, ambaye kuita “baba” kwenyewe kulikuwa kunamshinda. Mtoto alikuwa ameketi wima, mikono magotini, ute mweusi ukimchuruzika kidevuni.

“Kabla ya mashine nilikaa kwa mwalimu mmoja,” akasema, maneno yamenyooka. “Nilimlia watoto wake jina kwa jina. Alikufa akiuliza wanaomlilia ni akina nani. Lakini yule alikuwa amejaa. Huyu wako ana nafasi, fundi! Ana nafasi kubwa!”

Fundi akairukia mashine, akaing’oa ile ramu kwa nguvu hadi vishikizo vikavunjika.

“Rudi,” akalia. “Shimo lako hili, nimekufungulia. Rudi, nakusihi!”

Shimo lilikuwa kavu, safi, linang’aa.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe akatua ndoo, akaona ute, akapiga kite na kupiga magoti, mikono ameinyoosha.

“Mwanangu! Njoo kwa mama, njoo!”

Mtoto akamkagua kwa utulivu, toka juu mpaka chini. Akajilamba kidevu, kisha akamgeukia fundi.

“Na huyu ni nani?”